Babu na ami wamekufa mwaka mmoja, nani katangulia? Natafuta kumbukumbu za vifo, Kusini Pemba 1972

Mjukuu wa Kiwani (Jumamosi, saa 3 usiku)

Asalaam alaykum jamaani. Nina jambo limenikaa kooni, nalileta hapa huenda mkanionesha njia.

Babu yangu mzaa baba kafia nyumbani, Kiwani. Ami yangu, mkubwa wake baba, kafia spitali Unguja. Wote mwaka mmoja, "mwaka aliouliwa Karume", ndivyo tulivyolelewa tukisikia. Babu kaacha shamba la mikarafuu ambalo tangu siku hizo halijagaiwa. Kila msimu anayewahi kuita wachumaji ndiye anayekula, wengine wananuna mpaka msimu mwengine. Mwaka huu tumekubaliana twende kwa kadhi ligaiwe kisheria. Kadhi katusikiliza vizuri sana, kisha kauliza suali moja tu: baina ya mzee na mwanawe huyu mkubwa, nani katangulia?

Nyumba ikagawika pale pale. Upande wetu wanasema ami. Watoto wa ami wanasema babu. Tumepewa muda tukatafute ushahidi.

Nimekwenda ofisi moja, nimekaa benchi tangu saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri. Karani kafungua kitabu, kapiga chafya mbili kwa vumbi, kapitisha kidole juu hadi chini, kisha kaniambia: "Huyu mzee wako hakufa." Nikamwambia tumemzika. Akasema, "Kitabuni hakufa."

Naanzia wapi?

Mtumbwi Mbovu (saa 3:20)

Kama hakufa basi mwambie aje achume karafuu zake mwenyewe, mambo yaishe 😂

Samahani mkuu, Mungu amrehemu. Makaburini mmekwenda kutizama?

BintiChake (saa 3:41)

Mtumbwi, wewe hukukulia Pemba. Makaburini utasoma nini? Huku kwetu shamba watu hawaandiki majina. Jiwe la kichwani, jiwe la miguuni, basi. La babu yangu sie tunalijua kwa sababu liko hatua nne kutoka kwenye mwembe, na mwembe wenyewe ulianguka mwaka juzi, sasa tunahesabu hatua kutoka kwenye kisiki. Majina yaliyochongwa utayakuta kwenye makaburi ya Wazungu, mfano kile kisiwa cha Chapwani mbele ya Mji Mkongwe walikozikwa mabaharia wa Kiingereza. Marehemu wa Kiwani hakuachiwa maandishi.

Mjukuu, shamba lenyewe ni la ukoo au ni eka tatu? Maana kama ni eka tatu za Serikali zilizogaiwa baada ya Mapinduzi, hiyo habari nyengine kabisa, usianze kugombana na ndugu zako bure.

Mjukuu wa Kiwani (saa 3:50)

La ukoo. Babu karithi kwa babake, mikarafuu mengine kaipanda mwenyewe. Si eka tatu.

Karani Mstaafu (saa 4:35)

Nimefanya kazi za usajili miaka mingi, nimestaafu, sasa nafuga ng'ombe wawili. Nitajaribu kukueleza kwa utaratibu ingawa macho hayanisaidii kwenye kisimu hiki.

Kwanza ofisi. Watu wengi wakisikia cheti cha kifo wanakimbilia kutaja RITA. RITA ni ya Bara. Zanzibar mambo ya vizazi, vifo, ndoa na talaka yako chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ulioanzishwa kwa sheria namba 3 ya mwaka 2018. Kabla yake ilikuwa ofisi ya mrajis wa vizazi na vifo, na vitabu vya zamani vimerithiwa kutoka huko. Kwa hiyo wa kwenu wa Kiwani unaanza wilaya ya Mkoani.

Pili, kwa nini babu yako "hakufa". Kitabu kile hakijazwi na Malaika. Kinajazwa na mtu aliyekwenda kusema. Aliyefia spitali, spitali yenyewe inatoa karatasi, na ile karatasi ina safari yake mpaka kitabuni. Aliyefia kitandani kwake shamba, miaka ile, anakoshwa, anakafiniwa, anasaliwa na anazikwa kabla jua halijachwa. Nani atatoka Kiwani akafuate gari mpaka Mkoani kuandikisha, na cheti chenyewe wakati huo hakimsaidii kwa lolote? Skuli hakitakiwi, benki hana. Vifo vya shamba vya miaka ya sitini na sabini ambavyo havimo kitabuni ni vingi mno.

Tatu, na hili ndilo la kushika: ami yako kafia Unguja, spitali. Huyo usimtafute Pemba. Kifo kinaandikwa kilipotokea, hakifuati kwao marehemu. Na mwaka 1972 spitali kubwa ya Mnazi Mmoja ilikuwa inaitwa V.I. Lenin, kwa hiyo ukiona karatasi imeandikwa Lenin usidhani ni nchi nyengine. Huyo nina matumaini naye.

Nne, jina. Usiende dirishani na jina moja ukaganda nalo. Karani aliandika alivyosikia. Khamis utamkuta Hamisi, Omar utamkuta Omari, Hamad utamkuta Ahmed kabisa. Kombo aliye jina la babu unamkuta kawekwa mwanzo. Wengine wameandikwa kwa jina la utani walilojulikana nalo mtaani, na jina la cheti hakuna aliyelijua. Mwambie karani asome ukurasa mzima wa mwezi ule, na wewe usikilize. Mpelekee maji ya kunywa, mpe salamu ya watu, usisimame juu ya kichwa chake.

Nyaraka za Taifa, kule Kilimani Unguja, kuna hazina kubwa, na Gazeti Rasmi la Serikali lilianza mwaka 1892, ndani yake kuna matangazo ya mirathi ya watu. Lakini hayo ni ya wenye majumba mjini, matajiri wa Kihindi na Kiarabu. Mkulima wa Kiwani humo hayumo, usipoteze nauli.

Mwanafunzi wa Chuo (saa 5:10 usiku)

Wengine huenda hawaelewi kwa nini kadhi kauliza nani katangulia badala ya kuuliza tarehe. Tufanye shamba lina mikarafuu 120. Mjukuu, nirekebishe: babu kaacha mke, watoto wanaume wawili na mwanamke mmoja?

Mjukuu wa Kiwani (saa 5:12)

Sawasawa. Bibi, ami, baba na shangazi.

Mwanafunzi wa Chuo (saa 5:26)

Basi hesabu hii. Kama babu katangulia, siku anakufa ami yu hai, naye ni mrithi. Bibi anachukua thumuni, mikarafuu 15. Inabaki 105, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja: ami 42, baba 42, shangazi 21. Kisha ami anakufa, na zile 42 zake zinagaiwa upya: mkewe thumuni yake, bibi ambaye ni mamake sudusi yake, yaani moja ya sita, zilizobaki za watoto wake. Hii ndiyo wanayoiita munasakha, mauti juu ya mauti.

Kama ami katangulia, siku babu anakufa ami hayupo. Bibi 15 zake, baba 70, shangazi 35. Watoto wa ami hawapati hata tawi, kwa sababu mtoto wa kiume aliye hai anamzuia mjukuu.

Siku moja tu mbele au nyuma, na mikarafuu 42 inahama nyumba. Ndiyo maana watu wanakuwa na kumbukumbu kali sana juu ya jambo hili, kila mmoja na yake.

Mtumbwi Mbovu (saa 5:30)

Kwa hiyo Mjukuu wewe unataka ami awe katangulia 👀

Mjukuu wa Kiwani (saa 5:48)

Sikatai kwamba upande wetu unafaidika. Lakini nimekula kwa mke wa ami nilipokuwa skuli, nimelala mkeka mmoja na watoto wake. Nataka niijue kweli yenyewe, iwe vyovyote. Baba kabla hajafariki alikuwa akisema waziwazi kwamba kakake katangulia, na baba hakuwa mtu wa uongo. Hilo ndilo linalonisumbua.

Mkojani (Jumapili, saa 12:40 asubuhi)

Shukuruni nyie mna makaburi. Dada yangu alikuwemo kwenye MV Spice Islander, ile iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi ikija huku. Hakuonekana. Kitu cha mwanzo tulichoulizwa kila tulipokwenda ni maiti iko wapi. Mtu aliyepotea bila ya kujulikana yu hai au kafa kisheria ni mafkudi, na mpaka kadhi ahukumu kwamba kafa, mali yake haigaiwi na mumewe hajui aweke wapi mguu. Tulisimamisha mashahidi waliomuona akipanda pale Malindi. Muuza kahawa mmoja ndiye aliyesema, "Kaninunulia kashata mbili kwa ajili ya mtoto." Mtoto alikuwa naye.

Ninachotaka kusema: mashahidi wanasikilizwa. Usikate tamaa kwa kukosa karatasi.

Mjukuu wa Kiwani (saa 1:15)

Mungu amrehemu dada na mtoto, kakangu. Amin.

BintiChake (saa 2:05)

Amin.

Mjukuu, kuna shangazi bado? Muulize tanzia. Zamani kifo cha Unguja kilikuwa kinatufikia shamba kwa redio, Sauti ya Tanzania Zanzibar, watu wanakusanyika dukani penye redio. Msomaji anasema fulani bin fulani kafariki, anataja ndugu mmoja mmoja, habari ziwafikie walioko pahala fulani na pahala fulani. Sasa sikiliza: wanasema "mtoto wa bwana fulani" kama babake yu hai, na "mtoto wa marehemu fulani" kama keshakufa. Neno moja hilo lingekumalizia kesi.

Mjukuu wa Kiwani (Jumatatu, saa 2 usiku)

Nimekwenda kwa shangazi leo. Anapindukia sabini, macho yamepungua lakini ulimi uko pale pale. Tanzia ya ami anaikumbuka kwamba ilisomwa, ila siku ile hakusikiliza mpaka mwisho, alipolisikia jina alianguka na beseni la dagaa mkononi. Neno "marehemu" halikumbuki. Nikaona njia imefungwa.

Nikamwachia azungumze anavyotaka. Akaniambia babu kazikwa Ijumaa, watu wametoka msikitini moja kwa moja na jeneza, ndiyo maana walikuwa wengi. Na akasema hivi: "Hitma ya siku ya tatu ikasomwa, na mikeka hatukuikunja, ikasomewa Maulidi juu yake." Miguu ya watu wa hitma na watu wa Maulidi ikakanyaga mikeka ile ile. Ami hakuwepo mazikoni, keshapelekwa Unguja kutibiwa.

Hii inasaidia kitu?

Nipo Muscat (saa 3:30)

Inasaidia sana! Nimekuwa nikiwasoma kimya tangu juzi. Ngojeni nikae na kalenda.

Karume kauliwa Ijumaa, 7 Aprili 1972. Hiyo ni mwaka 1392 wa Hijria, mwezi wa Safar, yaani Mfungo Tano mwishoni mwishoni. Mfungo Sita umeandama tarehe 15 au 16 Aprili, inategemea mwezi ulivyoonekana. Maulidi, mwezi kumi na mbili wa mfungo huo, basi ni usiku wa tarehe 25 au 26. Baina ya kuandama mwezi na Maulidi mna Ijumaa moja tu, nayo ni 21 Aprili 1972. Ijumaa ya tarehe 14 iko mbali, mikeka isingengoja siku kumi na moja mvua za masika zikinyesha.

Babu yako kafa 21 Aprili 1972, au usiku wa kuamkia. Wiki mbili kamili baada ya Karume. Sasa tafuta cha ami.

Karani Mstaafu (saa 3:52)

Ahsante sana bwana wa Muscat. Hivi ndivyo tulivyokuwa tukifanya dirishani. Mtu wa shamba ukimuuliza tarehe atakutajia yoyote ili uache kumsumbua. Muulize mfungo gani, karafuu zilikuwa mtini au juani, nani alikuwa mjamzito.

Na kama kuna risiti za kuuzia karafuu za zamani kwenye mkoba wa bibi, zitizameni. Haitokwambia mtu kafa lini, lakini inaonesha siku fulani alikuwa hai.

Mwanafunzi wa Chuo (saa 4:15)

Na eda? Mumewe akifa mwanamke anakaa miezi minne na siku kumi. Mwaka ule nyumba ile ilikuwa na wajane wawili, mtu na mkaza mwanawe. Eda zao ni za urefu mmoja. Aliyeingia mwanzo ndiye aliyetoka mwanzo. Huna haja ya tarehe, huna haja ya kitabu, unahitaji mtu mmoja anayekumbuka nani alitoka akamuacha mwenzake ndani.

Mjukuu wa Kiwani (saa 4:20)

Subhanallah. Mke wa ami yu hai.

Mjukuu wa Kiwani (Jumatano, saa 1 usiku)

Nimekwenda, na sikwenda peke yangu, nimekwenda na mtoto wake mkubwa ili isije ikasemwa nimemtia maneno mdomoni. Alikuwa akichambua mchicha. Tukamuuliza: mwaka ule, wewe na bibi, nani alitoka eda mwanzo?

Hakufikiri hata kidogo. "Mama mkwe. Miraji ile ilisomwa uwanjani na mie nimo chumbani, nasikia tu. Yeye keshatoka siku nyingi, ndiye aliyeniletea uji wa pilipili manga dirishani. Kesho yake kutwa ndiyo nikatoka mie."

Mtoto wake kaniangalia, mie nikamwangalia. Mchicha ukaendelea.

Nipo Muscat (saa 1:40)

Tarehe 21 Aprili, ongeza miezi minne na siku kumi ya mwezi mwandamo, unapata kati ya Rajabu, mwisho wa Agosti. Miraji ya mwaka ule iliangukia usiku wa 5 Septemba hivi. Bibi kweli keshatoka, siku nane tisa. Na mke wa ami katoka siku moja mbili baada ya Miraji, rudisha nyuma miezi minne na siku kumi: mwanzoni mwa Mei. Babu katangulia. Ami kamfuata kama siku kumi hivi.

BintiChake (saa 1:55)

Ngoja kwanza. Mke wa ami hakuwa na mimba? Mwenye mimba eda yake inakwisha akijifungua, hiyo hesabu yote inavunjika.

Mjukuu wa Kiwani (saa 2:10)

Suali zuri, na kadhi ataliuliza. Hakuwa na mimba. Kitinda mimba wake alikuwa keshaanza kutambaa, na hakuzaa tena maisha yake.

Mtumbwi Mbovu (saa 2:14)

Na baba yako je? Ulisema hakuwa mtu wa uongo.

Mjukuu wa Kiwani (saa 2:50)

Nimekaa nalo hilo njia nzima. Baba alikuwa mtoto wa miaka sita au saba. Shangazi anasema ami alitolewa nyumbani kabegwa mgongoni mpaka barabarani, akapakiwa gari ya Mkoani kwenda kupanda meli, na baba kaikimbilia ile gari mpaka kona ya skuli. Hakumuona tena. Siku chache baadaye ndiyo babu kafa mbele ya macho yake. Kwake yeye ami keshakufa siku ile ya gari.

Karani Mstaafu (saa 3:30)

Nimeyasikia hayo mara nyingi. Sasa mtume mtu Unguja akasomewe kitabu cha mjini, mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 1972, kurasa zote. Na babu muandikisheni leo kwa kuchelewa: barua ya sheha, hati ya kiapo, mashahidi, vitambulisho vyao. Mke wa ami na shangazi wote wawili waende maadamu wanaweza kutembea.

Mjukuu wa Kiwani (wiki tatu baadaye, saa 11 jioni)

Samahanini kwa kimya. Ami kaonekana. Jina la babu limewekwa mwanzo kama Mzee Karani alivyosema, na Kiwani imeandikwa Kiuani, ndiyo maana aliyetafuta kabla yetu hakumuona. Jumanne, 2 Mei 1972. Siku kumi na moja baada ya babake.

Kwa kadhi tumeshamaliza, hakukuwa na mabishano tena. Upande wetu wapo walionuna, shangazi kawaambia wakanune kwao.

Leo asubuhi nimerudi ofisi ile ile kuchukua cheti cha babu. Karani yule yule, kitabu kipya. Kaandika jina, mahali, tarehe 21 Aprili 1972, kagonga muhuri, kanipa, akaniangalia kidogo. "Sasa kafa," akasema.

Karani Mstaafu (saa 12 jioni)

Inna lillahi. Kitoe nakala tatu, kimoja kiweke kwa mke wa ami. Cha asili usimwazime mtu.